Nmap: Ilivyofika Nakuru, na Inavyoondoka

Leo hakuna msimbo mwingi, leo ni historia. Kijana mmoja anayesomea kompyuta hapa Nakuru aliniuliza juzi swali la dakika mbili: nmap inawekwaje kwenye Ubuntu, na ukishamaliza kazi inaondolewaje? Jibu ni mistari miwili tu:

sudo apt install nmap
sudo apt remove nmap

Tungeweza kuagana hapo. Ila mstari wa kwanza una karibu miaka thelathini nyuma yake, na mstari wa pili hauondoi kila kitu unachodhani unaondoa. Na kwa sheria za Kenya zilivyo tangu 2018, kujua nini kimebaki kwenye mashini yako si jambo la kuchekea. Basi vuta kiti.

Kwanza nmap yenyewe, kwa wale ambao hawajakutana nayo. Ni programu ya kupeleleza mtandao. Unaipa anwani, inakuambia ni mashini zipi ziko hai, ni poti zipi ziko wazi, na mara nyingi ni programu gani inasikiliza nyuma ya kila poti. Kila anwani ya IP ina poti 65,536 za TCP, kuanzia 0 hadi 65535. Fikiria maduka ya Kenyatta Avenue saa saba za usiku. Soja anapita akitikisa kila kufuli kuona kama imefungwa. Mwizi naye akipita anatikisa kufuli zilezile, kwa mkono wa aina ileile. Aliye mbali hawezi kuwatofautisha mpaka ajue nani kamtuma nani.

Kutikisa kwenyewe ni hivi. Mashini yako inatuma pakiti iitwayo SYN, maana yake "hodi". Poti ikiwa wazi hujibu SYN-ACK, "karibu". Ikiwa imefungwa hujibu RST, "hapana". Ikiwa kimya kabisa, huenda kuna ukuta wa moto njiani unaomeza hodi zako. Ukiwa na haki za msimamizi, skani ya kawaida ya nmap haimalizi salamu: ikisikia "karibu" inakata palepale, haiingii ndani. Ni ule mchezo wa watoto wa mtaani wa kubisha mlango na kukimbia, ila unafanywa kwa poti 1,000 kwa sekunde chache.

Nmap na mimi ni marika. Ilitangazwa tarehe 1 Septemba 1997 katika toleo la 51 la Phrack, jarida la mtandaoni la wadukuzi, na mtu aliyejiita Fyodor kwa kumpenda mwandishi Mrusi Dostoevsky. Jina lake halisi ni Gordon Lyon. Ilikuwa mistari kama 2,000 ya lugha ya C, imechapishwa ndani ya makala yenyewe, ya Linux peke yake. Haikuwa hata na namba ya toleo, kwa sababu mwenyewe hakuwa na mpango wa kutoa toleo jingine. Watu wakamng'ang'ania, na siku chache baadaye toleo jipya likatoka. Wengi wa rika langu waliiona mara ya kwanza bila kujua wanaiona: katika filamu ya The Matrix Reloaded ya 2003, Trinity anaitumia kupata poti 22 iliyo wazi kabla ya kuingia kwenye mfumo wa umeme. Ni moja ya filamu chache ambazo kinachoonekana kwenye kioo cha kompyuta ni kitu cha kweli.

Sasa rudi 1997 huku kwetu. Simu zote zilikuwa chini ya shirika moja, Kenya Posts and Telecommunications Corporation, ambalo halikugawanywa mpaka 1999. Mawasiliano na nchi za nje yalitegemea satelaiti, na kituo kikuu cha ardhini kilikuwa papa hapa bondeni, upande wa Longonot, kilichoanza kazi 1970. Watu wa Bonde la Ufa tunapenda kusema kila kitu kizuri cha Kenya hupitia kwetu, mvuke wa Olkaria, maua ya Naivasha, wakimbiaji. Kwa miaka mingi hata sauti ya nchi nzima ikienda ng'ambo ilipanda angani kutoka hapa.

Ajabu ni kwamba bondeni kulikuwa na mlango wa dunia, lakini wenyeji wakiandikiana barua pepe walipelekwa ng'ambo kwanza. Mtu wa Nakuru akimwandikia mwenzake wa Nairobi aliyejiunga na kampuni nyingine ya intaneti, ujumbe uliweza kupanda satelaiti, kwenda Marekani au Ulaya, na kurudi. Hakukuwa na mahali pa kampuni hizi kubadilishana data hapa nchini. Kituo cha kubadilishana, KIXP, kilifunguliwa Nairobi Novemba 2000, na mwezi uliofuata kikafungwa na tume ya mawasiliano baada ya Telkom Kenya kulalamika kwamba kinavunja ukiritimba wake. Kilirudi kihalali Februari 2002. Mwaka mzima na zaidi wa kubishana kama Mkenya anaruhusiwa kumtumia Mkenya barua bila kupitia angani!

Hili linagusa nmap moja kwa moja. Satelaiti ya aina ile iko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni kilomita 72,000, na jibu lazima nalo lipande na kushuka. Hata kwa kasi ya mwanga, hodi na karibu zinachukua karibu nusu sekunde, kabla hujahesabu foleni za njiani. Nmap ina viwango sita vya kasi, kutoka -T0 hadi -T5, na hiki cha mwisho hakisubiri jibu zaidi ya milisekunde 300. Maana yake, mtu ambaye angekaa Nakuru nyuma ya satelaiti na kuskani ng'ambo kwa -T5 angeambiwa dunia nzima imefunga milango, kumbe majibu yako njiani bado yanashuka kuelekea Longonot. Ukisoma mwongozo wa nmap, onyo la kutotumia -T5 kwenye mtandao wa polepole limekaa pale kama jambo dogo. Kwetu ndiyo ilikuwa hali ya kawaida mpaka 2009.

Na je, kuiweka? Mwanzoni ilikuwa faili moja. Unakopi kutoka kwenye makala, unakompaili kwa gcc, unapata programu. Kuiondoa ni kufuta faili lile. Safi kabisa. Shida ilianza programu zilipokua. Unapakua furushi la msimbo, unaandika ./configure, make, make install, na amri ya mwisho inatawanya vipande kila mahali: programu huku, mwongozo kule, data mahali pengine. Hakuna daftari. Miezi sita baadaye ukitaka kuondoa hujui nini kililetwa na nani. Ni kama mpangaji aliyehama usiku akaacha makochi, na mwenye nyumba hana orodha ya vilivyokuwemo.

Daftari ndilo lililoletwa na wasimamizi wa vifurushi. Debian ilianzishwa tarehe 16 Agosti 1993 na Ian Murdock, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue (jina ni Debra, mpenzi wake, na Ian, yeye mwenyewe). Programu ya dpkg ilianza 1994 kama skripti ndogo, ikaandikwa upya kwa Perl, kisha kwa C na Ian Jackson. Red Hat nao wakaja na RPM mwaka 1995. Wazo ni lilelile: kila kifurushi kinakuja na orodha ya mafaili yake na ya vifurushi vingine kinavyovihitaji, na vyote vinaandikwa. Kwenye mashini yako nenda /var/lib/dpkg/status usome. Si siri, ni maandishi ya kawaida. Na orodha ya kila faili la nmap iko /var/lib/dpkg/info/nmap.list. Mimi huwaambia wanaoanza wasome mafaili haya mawili kabla ya kusoma kitabu chochote cha Linux.

dpkg ilijua kuandika lakini haikujua kwenda sokoni. Ukiipa kifurushi kinachotaka kingine ambacho huna, inalalamika na kukaa. APT, iliyoanza 1998 (mradi uliitwa Deity mwanzoni), ndiyo iliyojifunza kwenda yenyewe kwenye ghala, kuleta kinachotakiwa pamoja na ndugu zake wote, na kuvipanga kwa utaratibu. Iliingia rasmi na Debian 2.1, Machi 1999. Ukitaka kucheka andika apt-get moo uone.

Hapo kwenye "kwenda yenyewe" ndipo Nakuru ilipokwama. APT ilibuniwa na watu ambao waya wao hauzimwi. Ubuntu ilipotoka Oktoba 2004, chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuja na huduma ya kutuma CD bure duniani kote, iliyoendelea hadi Aprili 2011. (Neno ubuntu wazungu walielezwa kwa aya nzima. Sisi tuliona tu ni utu.) CD zilifika kwa sanduku la posta, tano, kumi, ukagawia wenzako. Wakubwa zangu kazini, wengine waliosoma Egerton kule Njoro, bado wana zile bahasha za kadibodi. Lakini CD moja ni megabaiti 700 hivi, na ghala la vifurushi lilikuwa na maelfu kwa maelfu. Vingine vyote vilikuwa ng'ambo, nyuma ya modemu.

Wakabuni njia. APT ina chaguo la --print-uris ambalo halipakui kitu, linakuchapishia tu anwani za mafaili yanayohitajika:

apt-get --print-uris install nmap

Unaandika orodha ile, unakwenda nayo saiba, unapakua faili moja moja kwa hela ya dakika, unaweka kwenye fleshi, unarudi nyumbani, unaandika dpkg -i. Ukisahau moja, tuseme libpcap, ambayo bila hiyo nmap haiwezi kusoma pakiti, unarudi mjini kesho. Njia nyingine ilikuwa kukopi folda ya mtu, /var/cache/apt/archives, ambamo APT huacha nakala za vifurushi ilivyoleta. Fleshi moja ilizunguka hosteli nzima kama sufuria ya ugali.

Nikiri kwamba simulizi hizi zinanifurahisha kuliko nilivyotarajia, lakini kuna kitu ndani yake ambacho wasimuliaji hawakitaji. Debian ilianza kukagua saini za ghala kwa ukamilifu na toleo la Etch, Aprili 2007. Ukaguzi ule uko ndani ya APT. Ukipita mlango wa nyuma kwa dpkg -i na faili la kwenye fleshi, kwa kawaida hakuna anayekagua saini ya kifurushi. Yaani chombo cha usalama, kinachotumika kwa haki za msimamizi, kilikuwa kikiingia kwenye mashini kutoka kwa fleshi iliyopita kompyuta kumi za saiba. Umaskini wa waya ulikuwa pia umaskini wa usalama, na hili bado ni kweli popote ambapo bando ni ghali na vijana wanapeana programu mkononi.

Nyaya za baharini zilibadilisha mambo. TEAMS iliwasili Mombasa Juni 2009, SEACOM ikaanza kazi Julai mwaka huo, EASSy ikafuata 2010. Longonot ikapoteza ukuu wake bila kelele. Leo nmap na ndugu zake ni megabaiti tano au sita za kupakua, na zikishafunguliwa zinachukua kama 26 kwenye diski. Kwa modemu ya 56k, kwa mahesabu ya karatasi, hizo ni dakika 13 laini isipokatika, na ilikuwa inakatika. Leo ukiweka Ubuntu ukiwa Kenya, kwa kawaida huandika "ke." mbele ya anwani ya ghala, na kazi nzima inaisha kabla chai haijapoa.

Na hao ndugu ni wa kuangaliwa. Kwenye Ubuntu 20.04, kwa mfano, ukiomba nmap unaletewa pia nmap-common, liblinear4, lua-lpeg na libblas3. Lua ni lugha ya skripti za nmap, mfumo uliotoka Desemba 2006 na ambao sasa una skripti takriban 600. Liblinear ni maktaba ya kujifunza kwa mashini, na nmap huitumia kubahatisha mfumo wa uendeshaji wa kompyuta iliyo kwenye IPv6. Na libblas? Hiyo ni hesabu ya matriki, ukoo wake ni Fortran ya miaka ya 1970. Unataka kujua kama printa ya ofisi ina poti wazi, unajikuta umebeba hesabu zilizoandikwa kwa ajili ya wanasayansi kabla mama yako hajamaliza shule ya msingi. Yote hayo katika mstari mmoja, na wengi hubonyeza Y bila kusoma.

Sasa sheria, maana ndiyo iliyofanya swali la yule kijana linishike. Kuskani poti kumewahi kumfunga mtu pingu. Huko Georgia, Marekani, mtaalamu aitwaye Scott Moulton alikamatwa baada ya kuskani mitambo ya kaunti moja, ikiwemo ya simu za dharura 911, aliyokuwa na mkataba wa kuihudumia. Mwaka 2000 mahakama ya shirikisho, katika kesi ya Moulton dhidi ya VC3, iliona kwamba skani ile haikuharibu kitu. Lakini mwaka uliofuata ukaja Mkataba wa Budapest kuhusu uhalifu wa mtandaoni, na kifungu chake cha 6 kikaenda hatua moja mbele: kikagusa programu zenyewe, kuziunda, kuziuza, kuwa nazo. Ujerumani ilipoweka wazo hilo kwenye sheria yake Agosti 2007, baadhi ya waandishi wa programu za usalama waliondoa kazi zao kwenye seva za nchi ile kwa hofu.

Kenya iligusa uingiaji wa bila idhini kwa marekebisho ya sheria ya mawasiliano yaliyotiwa saini na Rais Kibaki Januari 2009. Kisha tarehe 16 Mei 2018 Rais Uhuru Kenyatta akatia saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Chama cha wanablogu, BAKE, kilikwenda mahakamani, vifungu 26 vikasimamishwa mwezi huohuo, na Februari 2020 Mahakama Kuu ikaitupa kesi na sheria ikasimama. Kifungu cha 14 kinahusu kuingia bila idhini: faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote. Kifungu cha 18 ndicho ndugu wa Budapest. Kuunda au kusambaza programu iliyokusudiwa hasa kutenda kosa ni hadi milioni 20 au miaka kumi. Kuwa nayo kwa nia ya kutenda kosa ni hadi milioni 10 au miaka mitano.

Soma maneno "hasa" na "kwa nia" mara mbili. Nmap haikuundwa hasa kwa wizi, na kifungu hichohicho kinasamehe mafunzo, majaribio na ulinzi wa mfumo vilivyoidhinishwa. Kwa hiyo kuweka nmap kwenye laptopu yako si kosa, na sioni wakili makini atakayebisha. Ila nia haina faili. Anayeamua nia yako siku ya kwanza si hakimu, ni askari aliye mbele yako na laptopu yako imefunguka. Rose Njeri, msanidi programu mwenzetu, alikamatwa mwisho wa Mei 2025 kwa sababu ya ukurasa uliowasaidia Wakenya kutumia Bunge barua pepe za kupinga Mswada wa Fedha. Alishtakiwa chini ya sheria hiihii kwa kuingilia mfumo wa kompyuta. Tarehe 20 Juni mahakama ya Milimani ikasema mashtaka hayaonyeshi kosa lolote. Alishinda, ndiyo. Lakini alikuwa ameshalala korokoroni.

Nirudi kwenye kuondoa. Mapema mwaka jana nilifanya kazi kwa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa mjini. Walikuwa wanahamia mfumo mpya, na nikaomba barua ya idhini, yenye tarehe, anwani za IP na saini, nikague mtandao wao wa ndani. Nikaiweka nmap kwenye mashini yao moja kwa sababu hawakutaka laptopu ya mgeni iunganishwe. Skani ikatoa kinasa picha cha kamera za CCTV chenye poti 23 wazi, telneti, huduma ambayo hupitisha nywila bila kuificha. Tukaifunga. Kazi ikaisha vizuri.

Kisha meneja, mama wa umri wa mama yangu, akaniita ofisini. Mtu alikuwa amemwambia kuna "kitu cha kuhack" kwenye kompyuta ya chama, na alikuwa amesikia habari za ile sheria.

"Kijana, hicho kitu kitoke. Na uniandikie kwamba kimetoka."

"Sawa madam, kitatoka, na nitakuonyesha kilivyotoka."

Hofu yake siikuidharau, maana pesa za wanachama ndizo zilizokuwa mezani na jina lake ndilo lingesomwa. Basi tuliondoa tukiwa tumekaa wote wawili. Amri ya apt remove nmap iliondoa programu, na APT yenyewe ikasema kwamba vifurushi fulani vililetwa kwa ajili yake na havihitajiki tena. Hapo ndipo wengi huondoka. Ukiandika dpkg -l | grep nmap utaiona nmap-common bado imekaa, na ndani yake /usr/share/nmap pamoja na zile skripti 600. Dereva kashuka, mizigo bado imo kwenye buti. Inayofuata ni:

sudo apt autoremove --purge

Neno purge linaondoa pia mafaili ya mipangilio ya /etc, ambayo remove huyaacha makusudi ili ukirudisha programu ukute ulivyoipanga. Nmap huweka vitu vyake /usr/share, kwa hiyo kwake purge haina kazi kubwa, lakini ni tabia nzuri. (Mimi huandika "kuondoa". Wengine husema "kufurusha kifurushi", na kwa sauti ni tamu kweli, lakini kwa mtu wa Nakuru aliyekuwa mtoto Januari 2008, neno kufurusha lina watu ndani yake, na furushi ni kile walichobeba kichwani.)

Nikamweleza mambo mawili ambayo hakuyatarajia. La kwanza, kuondoa hakufuti historia, kunaiongezea. Faili /var/log/apt/history.log sasa lilikuwa na maandishi mawili: tarehe na saa nmap ilipowekwa, na amri iliyotumika, halafu tarehe na saa ilipoondolewa. Alikunja uso. Alitaka jina lile lisiwepo popote. Nikamwambia hilo ndilo analotaka kuwa nalo, kwa sababu ukiwa na barua ya idhini ya asubuhi na logi inayoonyesha programu ilikaa siku mbili ikatoka, nia yako ina maandishi. Ukiifuta logi, umefanya kitu ambacho ni wezi tu hufanya.

La pili lilikuwa zito zaidi. Msimamizi wa vifurushi hagusi nyumba ya mtumiaji. Matokeo ya skani, niliyoyahifadhi kwa -oA, yalikuwa kwenye folda ya /home, mafaili matatu yenye kila anwani, kila poti, kila toleo la programu ya chama kile. Nmap yenyewe mtu yeyote anaipata kwa dakika moja. Yale mafaili hayapatikani kwingine kokote duniani, na hakuna amri ya apt itakayoyaondoa. Watu wengi wanaogopa soja na kuacha orodha ya kufuli zilizolegea juu ya meza.

Tukayahamisha kwenye fleshi moja, tukayafuta kwenye mashini, na fleshi ikaingia kwenye sefu. Logi nikamchapishia ukurasa mmoja, akaisaini, akaibana pamoja na barua ya idhini kwenye faili la kadibodi. Ile ya kwenye kompyuta, kwa mpangilio wa kawaida wa Ubuntu, hugeuzwa kila mwezi na kuwekwa nakala 12, kisha ya zamani zaidi hufutwa. Kwa hesabu yangu kompyuta imekwishasahau. Karatasi bado iko kabatini.